Moja Kati ya Themanini na Moja

Sogea karibu kidogo, wewe unayenisikiliza, maana jambo hili sitaki ulisikie nusu. Nimefundisha hesabu hapa Kakamega kwa miaka mingi, na kila mara mashindano makubwa ya kandanda yanapokaribia, yawe ya dunia au ya Afrika, wanafunzi hunisubiri mlangoni na swali lile lile: "Mwalimu, nchi ndogo inaweza kulichukua kombe?" Zamani nilikuwa nalijibu kwa chaki ubaoni. Siku hizi nawasimulia mambo ya Iguhu, kwa sababu huko ndiko nilikolipata jibu, na nililipata nikiwa nakimbia barabarani na viatu vyangu mkononi.

Mimi naishi Amalemba, mtaa wa hapa mjini, lakini mama yangu alizaliwa karibu na Iguhu, katika kijiji kidogo kilichokaa mteremkoni. Ukisimama juu unaziona nyumba zake zote kwa jicho moja. Ndugu yake mdogo, yaani mjomba wangu, bado anaishi huko. Ujana wake wote aliumalizia kwenye mafahali wa kupigana. Kama hujawahi kuuona mchezo huo, nikueleze: si mtu na ng'ombe, ni fahali kwa fahali, asubuhi, uwanjani, watu wa vijiji viwili wamezunguka wakiimba na kupiga ngoma za isukuti. Hakuna dakika za kuhesabu wala pointi za kuandika. Mafahali wanasukumana mpaka mmoja ageuze mgongo na kuondoka. Akigeuka tu, ameshindwa, na papo hapo watu wa mshindi wanaingia uwanjani, wanamzunguka fahali wao na kumsindikiza nyumbani kwa nyimbo.

Magoti yalipoanza kumsumbua, Mjomba aliacha kukimbia na mafahali, akachukua timu ya kandanda ya kijiji. Timu yenyewe ilikuwa na wachezaji kumi na watatu, pamoja na wa akiba. Kipa alikuwa katekista wa kanisa. Mabeki wa kati walikuwa ndugu wawili wafyatua matofali, ambao hawakusemezana sana nyumbani lakini uwanjani walielewana vizuri. Winga ya kulia alicheza mwendesha bodaboda. Mshambuliaji alikuwa fundi wa nguo, na kwa kuwa ndiye aliyezishona jezi zote, namba yake mgongoni ilikuwa kubwa kuliko za wenzake.

Kila Desemba vijiji kumi na sita vya pande zile hushindana. Ni mtoano: ukifungwa mara moja, unarudi nyumbani. Zawadi ni fahali mchanga. Kwa miaka minne mfululizo timu ya Mjomba ilikuwa inarudi nyumbani siku ya kwanza, tena mapema, chai ya saa nne ikiwa bado moto.

Mwaka ninaouzungumzia, kamati ya mashindano iliitisha kikao. Mwenyekiti wake ni mzee mmoja mnene, mcheshi, asiyependa kumuudhi mtu. Alisema timu zimekuwa nyingi mno, na kwamba kuanzia mwaka ujao vijiji vidogo vitaunganishwa na jirani zao wakubwa. Timu ya Mjomba ingemezwa na ile ya kijiji cha ng'ambo ya mto, kijiji chenye soko, kituo cha mafuta, na wachezaji wenye soksi za rangi moja.

Mjomba alisimama. "Mwenyekiti, na sisi tukishinda kombe?"

Kikao kizima kilicheka. Mwenyekiti naye alicheka mpaka akatoa kitambaa kufuta macho. "Mzee wangu, mkishinda kombe nani atawagusa? Katibu, andika hapo. Wakishinda kombe, wabaki na timu yao."

Katibu aliandika, mabega yakimtikisika.

Jumamosi iliyofuata Mjomba alikuja kwangu Amalemba. Nilikuwa nimekaa nje nachagua mahindi kwenye ungo. Alinisalimia "Mulembe," akakaa, akakataa chai. Hapo nikajua kuna jambo, kwa sababu Mjomba hajawahi kukataa chai.

"Mwalimu, wanataka kunivunjia timu."

"Lakini Mjomba, vijana si watachezea hiyo kubwa?"

"Watachukua wawili. Wengine watakuwa wa kushika vibendera. Na mimi je? Tangu niache mafahali, Jumamosi yangu ni hiyo timu. Wakiivunja, nitakuwa nashindanga jikoni namsumbua mama watoto mpaka anifukuze na mwiko." "Wewe ni mtu wa hesabu. Niambie ukweli. Tunaweza?"

Sasa hapa nilitaka kumwonyesha, si kumwambia tu, kwa sababu mtu akiona kwa macho yake haogopi namba. Nikamuuliza, "Timu yako ikikutana mara tatu na timu kubwa, unashinda mara ngapi?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Mara moja. Na hiyo moja, kuwe na matope."

"Vizuri. Mara moja katika tatu." Nikahesabu punje themanini na moja za mahindi, nikazitandaza kwenye ungo. "Hivi ni vijiji themanini na kimoja, vyote vinafanana na chako, vyote vinashinda mara moja katika tatu. Mechi ya kwanza: katika kila vitatu, viwili vinarudi nyumbani." Nikaondoa mbili, nikabakiza moja, nikaondoa mbili, nikabakiza moja, mpaka zikabaki ishirini na saba. "Mechi ya pili." Zikabaki tisa. "Nusu fainali." Zikabaki tatu. "Fainali."

Punje moja ilibaki katikati ya ungo. Mjomba aliinama kuitazama kama mtu anayetazama mtoto mchanga.

"Kwa hiyo sisi ni huyu."

"Ndiyo. Mmoja katika themanini na—"

Kuku wangu akaidona.

"Huyo kuku ni wa ng'ambo ya mto," Mjomba akasema.

Nilidhani amevunjika moyo, lakini nilipomtazama niliona anatabasamu. "Themanini na moja tu? Mimi nilifikiri utaniambia milioni. Themanini na moja hata ukoo wetu tunapita."

Nikamwambia kuna habari njema zaidi, na hili nawaambia wanafunzi wangu waliandike kwa herufi kubwa. Ukiweza kupandisha theluthi yako ikawa nusu, yaani ukutane na mkubwa mara mbili umshinde mara moja, basi ile themanini na moja inashuka mpaka kumi na sita. Mbili mara mbili mara mbili mara mbili. Umejiongezea kidogo tu katika kila mechi, lakini kwa kuwa mechi zinazidishana, mwisho wa safari umejiongezea sana.

"Hiyo nusu inapatikana wapi?" akauliza.

"Kwa kutofungwa. Ukimaliza mechi hujafungwa, mnakwenda penalti, na penalti ni karibu sawa na kurusha sarafu. Hapo mkubwa na mdogo wanalingana." Nikamsimulia Wagiriki, ambao hakuna aliyewatarajia walipokwenda kwenye kombe la Ulaya kule Ureno. Walipofika hatua ya mtoano walizifunga nchi kubwa bao moja kwa bila, tena moja kwa bila, na fainali pia moja kwa bila, dhidi ya wenyeji wenyewe. Hawakuwa na miguu bora kuliko ya wengine. Walikuwa na mpangilio, na hawakuona aibu kulinda goli lao.

Mjomba alisikiliza kwa makini, kisha akauliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mwanafunzi yeyote. "Hao Wagiriki, uwanja wao ulikuwa na mteremko?"

"Sidhani, Mjomba. Viwanja vya Ulaya ni tambarare."

"Basi sisi tumewazidi," akasema, akaomba chai.

Nikueleze alichokuwa nacho kichwani. Uwanja wa mashindano ni wa shule moja iliyoko mlimani, na umeinama kiasi kwamba ukiweka mpira katikati ukauacha, utaufuata golini. Kila kapteni anayeshinda kura ya sarafu huchagua kuanza juu, ili ashambulie kuteremka. Mjomba alisema hilo ni kosa la watu waliolelewa na mafahali. Mwenye fahali lazima ashike upande wa juu tangu mwanzo, maana fahali hana kipindi cha pili. Lakini katika kandanda mnabadilishana. "Sisi tutaanza chini, tukiwa na nguvu zetu zote, tuzuie tu. Wao watashambulia mpaka wachoke. Halafu tunapanda juu, tunawashukia."

Mechi ya kwanza walifanya hivyo, wakashinda moja kwa bila. Watu walisema ni bahati, nami sikubisha, bahati ilikuwamo. Robo fainali ilikwisha bila bao, wakaenda penalti, na katekista akaokoa mbili. Nilimuuliza kama aliomba. "Niliomba, Mwalimu, lakini pia wale vijana nimewafundisha kipaimara. Wakitaka kunidanganya wanaangalianga chini. Wawili waliangalia chini kwenye kona moja ya goli, nikajua mpira unakwenda ile nyingine." Nusu fainali mvua ilinyesha usiku uliotangulia, wakapata yale matope Mjomba aliyoyataka, na mmoja wa wafyatua matofali akafunga kwa goti. Aliniambia hata yeye hakujua ni goti mpaka alipoliona limevimba.

Wiki moja kabla ya fainali Mjomba alinipigia simu. "Mwalimu, sasa tumebaki na ngapi?"

"Mbili, Mjomba. Wewe na wao. Ile themanini na moja imekwisha kazi yake. Mechi ulizokwisha kushinda hazirudi tena kwenye hesabu."

"Ni wale wa ng'ambo ya mto," akasema. "Hao hao wa kutumeza."

Siku ya fainali nilivaa viatu vyangu vizuri, maana niliambiwa nitakaa na wageni. Wale wa ng'ambo walikuwa wameongeza vijana wanne kutoka Shieywe, huku mjini Kakamega, warefu, viatu vyao vimeng'aa. Kwa upande wetu kilikuja kijiji kizima, na ninaposema kizima namaanisha hata wazee ambao hawajawahi kutazama mechi hata moja. Walikuja kama wanavyokwendanga kwenye mafahali: wamefunga majani vichwani, fimbo mkononi, isukuti tatu begani. Aliyeongoza nyimbo alikuwa bibi mmoja mwembamba, mwenye sauti inayovuka bonde. Sote tunamwita Kukhu, yaani nyanya, ingawa si nyanya wa wote. Alikaa karibu nami, tayari kufundishwa.

"Huyu mwenye nguo nyeusi ni wa kijiji gani?"

"Ni refa, Kukhu. Hana kijiji, yeye ni wa pande zote."

"Na asubuhi amekula kwa nani?"

Kipindi cha kwanza tulikuwa chini. Wale vijana wa Shieywe walitushukia kama mvua ya mawe, na wafyatua matofali wakawa wanarudisha kila kitu kilichowajia, kwa kichwa, kwa kifua, kwa lugha ambayo katekista alijifanya hakuisikia. Ilikwisha bila bao. Kipindi cha pili tulipanda juu, na nikaona kile Mjomba alichokisema: wale warefu walianza kushika viuno. Zikiwa zimebaki dakika nane, mwendesha bodaboda alikimbia na mpira pembeni, akauinua, na fundi wa nguo, ambaye si mrefu, akaruka kwa wakati wake na kuupiga kichwa. Bao.

Sasa nataka uone kwa macho ya Kukhu. Wachezaji wetu walikimbilia kwenye kona, wakarundikana. Wale wa ng'ambo waliwageuzia mgongo, vichwa chini, wakatembea polepole kuelekea katikati ya uwanja ili mpira uanze tena. Mimi na wewe tunajua maana yake ni kwamba mchezo unaendelea. Lakini kwa mtu aliyetazama mafahali maisha yake yote, mgongo ni mgongo.

"Amegeuka!" Kukhu alipiga kelele, fimbo juu. "Amegeuka! Amekimbia!"

Isukuti zililia. Kijiji kizima kiliingia uwanjani kwa mara moja. Waliwabeba wachezaji kumi na mmoja mabegani, wakambeba Mjomba, wakamfungua yule fahali wa zawadi aliyekuwa amefungwa chini ya mti, wakatoka naye kwa lango la juu wakicheza. Mjomba, kutoka juu ya mabega, alikuwa akipaza sauti, "Bado! Bado!" nao wakamwitikia, "Bado! Bado!" kwa mpigo wa ngoma. Wimbo ukapata kiitikio kipya.

Uwanjani tulibaki mimi, kamati, na timu moja.

Refa alitazama saa yake, kisha akanitazama. "Mwalimu, wewe ni wa wale?"

"Kwa upande wa mama."

"Basi wafuate. Nawapa dakika kumi. Wasiporudi, mechi ni ya hawa."

"Na ng'ombe arudi pia!" mwenyekiti akanililia.

Kama timu ya Mjomba isingerudi, ingeandikwa kwamba imeshindwa, na mwaka ujao isingekuwapo. Kwa hiyo nilivua viatu nikakimbia. Nina miaka hamsini na mitatu, na mara ya mwisho nilipokimbia hivyo nilikuwa nafukuzwa na nyuki. Niliwakuta karibu na kinu cha posho, nikajirusha mbele ya Kukhu na mikono imepanuka.

"Kukhu, mechi haijaisha!"

"Imeisha. Nimewaona kwa macho yangu wakigeuka."

"Katika kandanda kugeuka si kushindwa! Walikuwa wanarudi katikati kuanza tena."

Alinitazama kwa huruma. "Mtu amepigwa, amegeuka, halafu anaanza tena? Huo mchezo wenu hauna adabu."

"Hauna, Kukhu. Lakini ndivyo ulivyo. Turudi haraka, refa ametupa dakika kumi, sasa zimebaki saba."

Ngoma zilinyamaza. Watu walitazamana, na hakuna aliyegeuka. Nilimtazama Mjomba huko juu nikitegemea atoe amri, lakini uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "fahali akishatoka uwanjani na ushindi hageuzwi kichwa. Ukimgeuza leo, umemfundisha kurudi nyuma. Hatageuzwa yeye, wala waliomsindikiza. Hata baba yangu hakugeuka, na siku ile alikuwa amesahau koti lake uwanjani."

"Mjomba, timu yako!"

"Najua." Alifumba macho. Nilimwona mzee wa watu amekwama kati ya vitu viwili anavyovipenda, na kwa kweli sikuona kama ni haki kumwambia achague. Lakini mimi ni mwalimu wa hesabu, na katika hesabu kuna sura nzima inayohusu maumbo. Niliutazama ukuta wa shule. Niliitazama njia iliyo mbele yetu: inapita kinu cha posho, inakunja kushoto kwenye shamba la mahindi, inateremka, inakunja tena kushoto, na inaishia kwenye lango dogo la nyuma, la jikoni.

"Je, tusipogeuka?" nikauliza. "Tukienda mbele tu, tukazunguka?"

Mjomba alifumbua macho. Wote walimtazama Kukhu.

Kukhu alifikiri, na dakika moja ya refa ikapita hivi hivi. "Kuzunguka," akasema, "ni kutembea tu."

"Basi tutembee kwa kukimbia!"

Sijaona tena kitu kama kile na sitarajii kukiona. Fahali mbele akienda mbio ndogo ndogo, isukuti zikifuata kwa mbio, wachezaji wakirukaruka mabegani kama magunia, katekista akishikilia kofia yake, nami nyuma kabisa nikihesabu dakika kwa sauti. Tuliingia kwa lango la jikoni, tukapita katikati ya kuni na masufuria ya maharagwe. Mpishi mmoja aliinua mwiko akauliza, "Mmekuja kula au kucheza?" Refa alikuwa ameshaweka kipenga mdomoni alipotuona tukitokea upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama.

Hebu sasa fikiri pamoja nami. Nani alikuwa amechoka? Wale wa ng'ambo walikuwa wamekaa kwenye nyasi dakika kumi, wengine wamekwisha kunywa soda, misuli imepoa na kukaza. Wachezaji wetu walikuwa wamebebwa. Waliokuwa wakihema ni wabebaji tu, na hao walilala kando ya mstari kama samaki.

Hata hivyo, dakika nane zile zilikuwa ndefu. Mjomba hakukaa. Alishika nguzo ya kibendera cha kona kwa mikono miwili, na kila mpira ulipovuka katikati niliona midomo yake ikitembea bila sauti. Mwisho kabisa wakapata frikiki karibu na boksi. Kijana mmoja wa Shieywe aliupiga mpira ukapita juu ya ukuta wa wachezaji, ukagonga mwamba, ukarudi, ukagonga mgongo wa katekista, na katekista akaulalia kwa mwili wake wote kama mtu anayeficha mkate.

Refa akapuliza kipenga mara tatu.

Hakuna mtu wetu aliyesogea. Kijiji kizima kilisimama nyuma ya mstari, miguu imepangwa sawasawa, ngoma kimya, wote wakimtazama Kukhu. Kukhu akanitazama mimi.

"Sasa?"

"Sasa, Kukhu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Kamwulize."

Nikaenda kumwuliza refa. Refa akasema ndiyo. Nikarudi na jibu, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba ngoma zile za kwanza zilikuwa za majaribio.

Mwenyekiti alikuja kumshika Mjomba mkono, akamwambia timu yake imebaki, na kwamba mwakani atakuja mwenyewe kuikaribisha. Mjomba aliutikisa ule mkono, akautikisa tena, mpaka mwenyekiti akamwomba amrudishie.

Kwa hiyo nikiulizwa swali la wanafunzi, sasa nina jibu. Ndiyo, nchi ndogo inaweza. Uruguay wamelichukua Kombe la Dunia mara mbili, na watu wao wote leo ni kama wa kaunti yetu na ya Bungoma zikijumlishwa. Denmark walilichukua la Ulaya baada ya kuitwa dakika za mwisho, nchi nyingine ilipoondolewa. Zambia walilichukua la Afrika kwa penalti, mbele ya timu iliyojaa majina makubwa. Si mara nyingi, na singependa nikudanganye: mataifa yaliyowahi kushinda Kombe la Dunia yanahesabika kwa vidole vya mikono miwili, na vingine vinabaki. Mkubwa ana wachezaji wengi wa kuchagua, na hilo lina uzito. Lakini mashindano ya mtoano ni mafupi, na katika kitu kifupi mdogo aliyejipanga anaweza kuwa sawa na mkubwa kwa saa moja na nusu, mara nne au tano. Si lazima awe bora mwaka mzima.

Hata sisi Kenya katika kandanda bado ni wadogo, na kombe la Afrika linatarajiwa kuja hapa kwetu Afrika Mashariki. Mjomba tayari ameniuliza kama viwanja vitakuwa na mteremko. Nimemwambia asitegemee.

Kwa hiyo, mashindano makubwa yajayo yatakapoanza, chagua nchi moja ndogo, itazame tangu mechi yake ya kwanza, na usiinuke kwenye kiti chako mpaka refa apulize kipenga mara tatu.